Nukta ya Ngomeni

Kwenye simu yangu kuna nukta nyekundu,
ndogo kama jicho la panya,
inapepesa upande wa Ngomeni.
Pikipiki ya mkopo. Tairi la nyuma kipara.
Mdaiwa: siku arubaini na tatu kimya.
Malipo yangu nikiirudisha: elfu mbili na mia tano,
nauli juu yangu.

Mimi ni mwindaji, sioni haya kusema.
Kazi hii sikusomea chuoni.
Nilifunzwa katika banda la video la Mbwarali, kule Maweni,
shilingi tano, ubao wa kukalia,
pumzi ya mwenzio shingoni.

Mtaliano mmoja alikuwa amefunga mkahawa wake wa piza,
akaacha friji bovu, viti, na katoni ya diski.
Watu waligombea friji.
Mbwarali akachukua katoni.
Humo ndimo tulimowakuta: katuni za Wajapani
wanaosema Kitaliano,
wanasaka watoro baina ya nyota
katika chombo chenye viraka kama suruali ya makanika.
Bunduki wanazo. Chakula hawana.
Na kila mtoro wanayemshika,
ama keshakufa,
ama fidia yote inaishia kulipia walivyovunja.
Tulicheka hadi ubao ukapinda.
Njaa ile tuliijua kwa jina na ubini wake.

Mbwarali, Kitaliano chake kilikuwa "chau"
na kuhesabu hadi ishirini.
Alisimama kando ya televisheni na mpini wa fagio,
akatutafsiria:
"Huyu mrefu anamdai yule mwenye kofia.
Anamwambia, dawa ya deni kulipa.
Yule anamjibu, na dawa ya kukosa?"

Diski ya mwisho ilikuwa na mkwaruzo.
Chombo kiligeuka, kikaelekea mwezi mmoja mwekundu,
picha ikaganda, miraba miraba.
Yeye hakuganda.
Nusu saa nzima akatuhadithia juu ya picha iliyokufa:
wametua, wamelipwa chao chote,
mmoja ameoa, mmoja amefungua duka la vipuri.
Dzame alilia.
Mimi nilikwenda nyumbani nikalala kama aliyeshiba.

Leo nimevuka daraja la Sabaki, maji yake rangi ya chai.
Gongoni, marundo ya chumvi
yamekaa meupe kama mahali ambapo hajawahi kukanyaga mtu.
Nikashushwa njia panda, nikatembea.
Mbele, baharini, minara ya chuma kwa miguu yake mirefu,
kule roketi zilikopaa kabla sijazaliwa,
sasa kituo cha ndege na kutu.

Nukta na mimi tukakutana nyuma ya nyumba ya makuti.
Pikipiki imefunikwa chandarua,
kana kwamba inaogopa malaria.
Akatoka mzee, fulana ya kampeni ya mgombea aliyeshindwa.
Akanitazama.
"Wewe ni wa Mbodze. Ulikuwa ukikaa mbele,
unakula kashata za wenzio."

Niliomba ufunguo.
Alinipa. Hakusema mvua, hakusema mke,
hakusema lolote katika yale wanayosema.
Ni mimi niliyeshindwa kunyamaza:
"Mbwarali, mwisho wake ulikuwaje? Wa kweli?"
"Sikuuona," akasema.
"Mlikuwa mmelipa. Ningewarudishaje kwenu na miraba?"

Akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda, petroli nusu.
Akaimimina yote kwenye tangi,
akaitikisa, tone la mwisho.
"Bila hii utakwama Gongoni."

Nimekwama Gongoni.
Petroli ipo. Nimezima mwenyewe,
kando ya chumvi, ufunguo ungali moto kiganjani.
Sasa nukta ni mimi.
Simu inalia, binti wa ofisini, sauti safi ya Nairobi:
"Tunaona umesimama. Kuna tatizo?"
Natazama barabara ya kwenda, natazama ya kurudi.
"Hapana," namwambia.
"Picha imeganda kidogo."